Aliyeitika Nyuma ya Pazia

Nilimdanganya mama wa watu, na nilimdanganya kwa sauti ya mwanawe aliyekufa. Naliweka hilo mbele kabisa, mwanangu, kabla sijaingia kwenye mambo ya kutisha, ili tukifika huko usije ukanihurumia ukadhani mimi ndiye niliyeonewa. Sikuonewa. Mwenyezi Mungu ananijua, na malaika waliandika.

Wakati huo nilikuwa mhudumu kwenye kituo cha kutunza wazee mchana. Kazi yenyewe unaijua: wazee wanaletwa asubuhi na watoto wao wanaokwenda makazini, wanashinda kwetu, jioni wanafuatwa. Tunawalisha, tunawaogesha wasiojiweza, tunawakumbusha dawa zao, tunawatembeza uani wasigande viungo, na baada ya chakula cha mchana tunawalaza kidogo. Jengo lilikuwa la zamani, lenye ukumbi mmoja mrefu. Katikati ya ukumbi tulitundika pazia zito la kijani. Upande huu palikuwa na viti na meza, upande ule vitanda vya kupumzikia. Magodoro yalivikwa nailoni kwa sababu unayoijua, na mzee akijigeuza nailoni ililia kama mtu anayekunjakunja karatasi kavu. Harufu ya pale ilikuwa ya sabuni, dawa ya kuchua, na chai iliyosahaulika jikoni.

Kulikuwa na mama mmoja tukimwita Mama Fundi. Mwanawe wa mwisho alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, akafa karakanani kwake siku mtungi wa gesi ulipolipuka. Mama alimzika, akalia, akamaliza matanga. Lakini uzee ulipoanza kumnyang'anya kumbukumbu, kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa ule msiba. Kifo kikafutika, mtoto akabaki. Basi kila mchana akishalazwa, anaanza:

"Kitinda! We Kitinda! Uko wapi, baba?"

Ndivyo alivyomwita tangu yuko mgongoni, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wake.

Mwanzoni nilimjibu kweli tupu, kwamba Kitinda alishatangulia mbele ya haki. Akalia kama ndiyo kwanza anapokea habari. Kesho yake vilevile. Msimamizi wetu, nesi mstaafu, mwanamke wa maneno machache, akaniita pembeni.

"Usimrushie kifo usoni kama unamrushia jiwe," akasema. "Wala usimdanganye. Nenda ukakae naye. Mshike mkono, mwambie wewe ni nani, kisha muulize habari za huyo mwanawe. Ataongea mpaka alale."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na si kazi ngumu. Lakini ilikuwa inaangukia saa yangu ya kupumzika, na saa ile mimi nilikuwa na simu yangu, na kikombe changu, na kiti changu cha karibu na dirisha upande huu wa pazia.

Siku moja nilikuwa nimechoka, miguu inawaka moto. Akaita. Sikuinuka. Nikakaza koo, nikatoa sauti nzito ya kiume:

"Naam, mama!"

Kisha akauliza, kwa ulaini ambao sikuwahi kumsikia nao, "Uko hapo, baba?"

"Nipo, mama. Lala. Jioni nitakuja kukuchukua."

Akalala palepale. Mpishi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, alicheka mpaka akaishusha chini.

"We mwanamke una balaa! Kasuku mkubwa we!"

Jina likanata. Tangu siku ile nikawa Kasuku, na nikawa naitika kila mchana bila hata kuinua macho kwenye simu. Nikaona haitoshi. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akimleta na kumfuata, nilimuuliza siku moja marehemu alikuwa akiongea vipi. Yule dada alidhani naulizia kwa upendo. Akakaa nami benchini, akanieleza huku akifuta machozi: alikuwa anamwita mama yake "mama'ngu mzazi," na kabla ya kumaliza sentensi alikuwa na kicheko kifupi cha puani. Nikashukuru. Mchana ule nikaongeza na kicheko. Mpishi akasema sasa nimefuzu.

Nilimwibia maiti kicheko chake. Astaghfirullah.

Sasa sikiliza lilivyoanza, maana lilianza kidogo tu.

Nilikuwa bafuni namwosha miguu Mzee Redio. Huyu alikuwa kipofu, tukamwita hivyo kwa sababu alikuwa hazimi. Kuanzia asubuhi mpaka jioni anaongea, anasimulia, anamsema kila mtu. Zamani alikuwa mwalimu wa Kurani na watu walikuwa wakimpelekea wagonjwa wa majini awasomee, lakini kwa sasa alikuwa anachanganya hata siku za wiki. Nilikuwa nimeinama, povu mpaka kwenye viwiko, niliposikia kule ukumbini, "Kitinda! We Kitinda!" Nikainua kichwa ili nipaze sauti kutoka palepale.

Kabla sijafungua mdomo, mtu akaitika.

"Naam, mama'ngu mzazi."

Na kile kicheko cha puani.

Mzee Redio akageuza uso kuelekea ukumbini, kisha akaurudisha kwangu. "Kasuku," akasema, "mikono yako iko miguuni kwangu, na sauti yako iko kule. Leo umejigawa vipi?"

"Ni Mpishi huyo, mzee. Anajifunza."

"Mpishi gani? Mpishi akiigiza mwanaume hata mbuzi hadanganyiki."

Nikacheka. Nikamkausha haraka, nikaenda jikoni. Mpishi alikuwa amesimama katikati ya jiko na mwiko mkononi, hakorogi chochote.

"Leo umeipatia," akaninong'oneza. "Umeipatia mpaka vinyweleo vimenisimama. Usiirudie tena hiyo."

Nilikwenda kwenye pazia, nikalifunua upande mmoja. Wazee wengine walikuwa wamelala, vinywa wazi. Mama Fundi alikuwa macho, anatabasamu, na mkono wake ulikuwa umening'inia nje ya kitanda, kiganja juu, vidole vimekunjwa kidogo, kama mkono ulioachiwa sasa hivi. Kitanda cha jirani yake kilikuwa kitupu. Godoro lake lilikuwa limebonyea katikati, mahali ambapo mtu hukaa, na nilipokuwa nikitazama likaanza kuinuka taratibu, na nailoni ikalia ule mlio wa karatasi kavu, kidogo kidogo, mpaka ikawa tambarare. Hewa ya pale ilinuka chuma kilichochomwa.

Nilifanya nini? Ndiyo aibu yenyewe hiyo. Sikufanya kitu. Nililirudisha pazia kama nilivyolikuta. Ningemwambia nini Msimamizi? Ningesema kuna sauti inaitika, angeuliza sauti ya nani, na ingebidi nieleze ilianzia wapi. Nikajisemea labda masikio yangu yamechoka. Nikakihamisha kiti changu mbali na pazia, nikaendelea na simu.

Kuanzia hapo sikuhitajika tena. Akiita, anaitikwa. Kwanza neno moja moja, kisha mazungumzo. Mimi na Mpishi tulikaa upande huu tumekumbatia vikombe vilivyopoa, tunasikiliza upande ule mama na kitu wanaongea kama watu wa nyumba moja.

"Umekula, mama'ngu mzazi?"

"Nimekula kidogo."

"Usile vya hapa. Utakula kwangu."

"Sawa, baba."

Mpishi akanishika goti. "Mwambie Msimamizi."

"Mwambie wewe."

"Mimi si niliyeanza."

"Wewe si uliyecheka?"

Kila mmoja akarudia kikombe chake.

Mama Fundi akaacha kula. Tukimpelekea kijiko anafunga mdomo na kututazama kwa huruma, kama sisi ndio tusioelewa. Magauni yakaanza kumpwaya. Pete ikamtoka kidoleni, tukaikuta chini ya meza. Binti yake alinifuata jioni moja uani, macho mekundu.

"Dada, hata nyumbani hali. Anasema Kitinda kamkataza. Nani amemtia maneno hayo jamani?"

Nilimtazama usoni, mimi huyu ninayeswali, nikamwambia, "Uzee tu, dada. Wote hufika hapo."

Akaniegemea begani akalia. "Bora nyinyi mpo," akasema. "Bila nyinyi sijui ningefanya nini na mama yangu."

Nilimpigapiga mgongoni. Mpaka leo kiganja hiki kinaniwasha nikikumbuka.

Kisha ikaja siku ambayo sauti ilisema, "Kesho jioni nakuja kukuchukua, mama'ngu mzazi. Jiandae."

Ile ilikuwa sentensi yangu. Niliitunga mimi, ili nipate kunywa chai. Na hapo ndipo hofu iliponishika kweli, kwa sababu nilijua utaratibu wa mlangoni kwetu. Mzee hatoki kituoni mpaka mwenyewe aulizwe, "Mama, unamjua huyu?" Akisema huyu ni wangu, tunafungua komeo. Hatukuwa na kizuizi kingine. Nilijua Mama Fundi ataulizwa, nilijua atajibu nini, na mtu dhaifu kama yule, asiye na chembe ya chakula tumboni, akitoka na kitu kama kile asingerudi na roho yake.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka Mzee Redio uani, nikachuchumaa mbele ya kiti chake, nikamweleza yote. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakunikatiza.

"Nilijua," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Mimi sioni, binti yangu, lakini pumzi nahesabu. Nyuma ya lile pazia kuna anayevuta pumzi na haitoi."

"Msomee, mzee. Nakuomba. Aondoke."

"Nimesahau mengi. Nikikwama utanikumbusha?"

"Mimi nimeishia sura fupi fupi tu."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Basi huyo jini leo amepata washindani."

Baada ya chakula cha mchana tukamkalisha kwenye kiti mbele ya pazia. Jua lilikuwa kali nje, ukumbi mweupe kwa mwanga, nzi anatembea juu ya meza. Si saa ambayo mtu hutegemea kuogopa. Mzee akaanza kusoma. Sauti yake, ile ya kuropoka kutwa, ilinyooka, ikawa sauti ya mtu mwingine, nami nikaanza kupata moyo, na Mpishi akafunga kitambaa chake vizuri kichwani akainamisha macho. Upande wa pili wa pazia nailoni ikalia mara moja, ikatulia. Mzee akaendelea, akaendelea, kisha akafika mahali, akasita. Akarudi nyuma kidogo akaja tena kwa kasi kama mtu anayetaka kuruka mtaro, akafika palepale, akasita. Midomo yake ikawa inatafuta. Mkono wake ukapapasa hewani kunitafuta mimi nimkumbushe, na mimi sikuwa na cha kumkumbusha, kwa maana aya hiyo sikuwahi kuifikia, na ule ukimya ukawa unarefuka, nzi akaacha kutembea, harufu ya chuma kilichoungua ikaanza kupenya chini ya pazia kama maji yanavyopenya chini ya mlango, na ndipo sauti ya upole, ya Kitinda, yenye kutamka kila herufi mahali pake kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, ikaipokea aya pale alipoiacha mzee na kuisoma mpaka mwisho.

Mpishi akatoka mbio. Nilimsikia akitapika nje.

"Endelea, mzee," ikasema sauti. "Nakusikiliza. Na mimi ni mja wa Mungu kama wewe."

Mzee Redio akaelekeza uso kwenye pazia. "Ukiwa mja, mbona unamtesa mja mwenzako?"

"Nimemtesa kwa lipi? Sikuvunja mlango. Mama huyu aliita kila siku, akaitikwa na mtu ambaye hakuja. Mimi nimekuja. Nakaa naye. Namshika mkono." Ikacheka kile kicheko cha puani. "Muulize Kasuku, yeye alikuwa anafanya nini."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na watu, lakini sijawahi kuvuliwa nguo vile.

Mzee alinivuta gauni nisogee. "Huyu hatoki kwa kusomewa," akaninong'oneza. "Anasoma kuliko mimi. Amekalia uongo wako kama mtu anavyokalia kiti. Mwondolee kiti. Mwambie mama kweli, mbele ya watu wake, kwa mdomo wako uleule."

"Binti yake atajua."

"Ndiyo."

"Nitafukuzwa, mzee. Nitaonekana mtu gani?"

Akageuza ule uso wake usioona, akautuliza juu yangu. "Basi mpe jini huyo mama, aende naye."

Jioni ikafika. Wazee wameshavishwa viatu, wamepangwa kwenye viti karibu na mlango. Mama Fundi alikuwa wa kwanza kukaa, mkoba mapajani, nywele amechanwa, uso umeng'aa kama wa bi harusi. Binti yake alikuwa amewahi siku hiyo kwa wasiwasi wa mama yake kutokula; alikuwa amepiga magoti chini anamfunga kiatu. Msimamizi alikuwa mlangoni kwenye komeo, anaaga watu. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na pazia. Nilikuwa na mchana mzima wa kusema, na sikuwa nimesema.

Mlango ulikuwa na vyuma vya kuonea nje. Jua lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa macho, na mtu akasimama nje ya vile vyuma, jua likiwa nyuma yake.

"Karibu, kaka," akasema Msimamizi. "Umemfuata nani?"

"Mama'ngu mzazi."

Yule binti, pale chini, mikono yake iliganda kwenye kamba za kiatu. Hakuinua kichwa. Nilimwona mabega yakianza kumtikisika, kwa sababu ile ilikuwa sauti ya mdogo wake, ambaye alimwona kwa macho yake akivishwa sanda, na alikuwa anaogopa kuinua kichwa asije akamwona, na anaogopa kutokuinua asije akawa amekuja kweli na yeye hakumtazama.

Mtu yule alikuwa amevaa nguo za kazi, na usoni alikuwa na ile ngao ya mafundi wa kuchomelea, yenye kioo cheusi. Haikuwa na macho ndani yake. Msimamizi, aliyejua fika kwamba mama huyu hana mtoto wa kiume hai, aligeuka taratibu kama mtu anayetembea usingizini, akauliza swali la kila siku kwa sauti isiyo yake:

"Mama, unamjua huyu?"

"Ni mwanangu!" Mama Fundi akasimama, yeye ambaye kwa wiki kadhaa tulikuwa tunamwinua watu wawili. "Si nilikuwa nawaambia atakuja? Mlidhani nimechanganyikiwa."

Mkono wa Msimamizi ukaanza kulivuta komeo, na lile komeo lilikuwa lina kutu na kila siku lilipiga kelele, lakini jioni ile lilitoka bila sauti, kidogo, na kidogo tena, na harufu ya chuma ikaujaza ukumbi mpaka wazee wakaanza kukohoa, na Mama Fundi akawa anatembea, kiatu kimoja kimefungwa na kingine kinaburuta kamba, huku binti yake amemshika pindo la gauni bila nguvu, na mimi nataka kusema lakini ulimi umenata, maana hata pale, wallahi, hata pale nilikuwa bado nawaza watanionaje.

Nikasikia kando yangu Mzee Redio akisema kimya kimya, "Sasa, binti. Sasa."

Nikakaza koo. Nikatoa ile sauti.

"Mama'ngu mzazi!"

Akasimama. Akatazama mlangoni, kisha akageuka nyuma kutafuta. Nikatoka pale kwenye pazia, nikaja katikati ya ukumbi, nikaitoa tena, pamoja na kicheko chake, huku wote wakinitazama mdomo. Yule binti sasa aliinua kichwa. Sitaisahau ile sura.

"Ni mimi, mama," nikasema, kwa sauti yangu. "Ulipokuwa unaita mchana, ni mimi nilikuwa naitika, nimekaa kwenye kiti upande huu, sitaki kuinuka. Niliiga sauti ya Kitinda. Nilikwambia jioni atakuja kukuchukua. Nilikuwa naongopa. Kitinda alifariki, mama. Ulimzika mwenyewe."

Mama Fundi alinitazama kwa muda mrefu, na nikaona kumbukumbu ikimrudia, inapanda usoni mwake kama maji yanavyopanda kisimani, na nikatamani ardhi inifunike.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Ukawa unacheka?"

"Ndiyo, mama. Tulikuwa tunacheka."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akageuka mlangoni.

"Na wewe nani?"

"Ni mwanao," ikasema sauti.

"Vua hicho usoni nikuone."

"Nitavua tukifika."

"Mwanangu hakuwahi kuingia kwangu amejiziba uso," akasema Mama Fundi, na sauti yake haikuwa ya mgonjwa. "Alikuwa anakivulia nje, ananawa, ndipo ananisalimia. Mimi nilimwita mwanangu. Wewe sikukuita."

Jua likamezwa na paa la nyumba ya mbele, na mahali pale nje ya vyuma pakawa na barabara tupu, na mama mmoja anapita na mtoto. Komeo likarudi kwa kelele zake za siku zote. Nyuma yetu, pazia likavimba bila upepo, likasinyaa.

Msimamizi akautazama mkono wake kama hajui ulikuwa unafanya nini.

Mama Fundi akakaa chini sakafuni palepale, akamlilia mwanawe. Binti yake akamkumbatia. Nilipowasogelea, yule dada aliinua kiganja kunizuia.

"Nilikupa kicheko cha mdogo wangu," akasema. Afadhali angenipiga.

Sikufukuzwa. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kuanzia kesho kiti chako kiko upande ule wa pazia." Na asubuhi yule dada alimleta tena mama yake, hanisalimii, hanitazami, anamleta kwa sababu alikuwa hana pengine pa kumpeleka. Hilo nalo nililibeba.

Mama Fundi alikuwa ameshasahau yote. Alikula. Alinichekea. Na mchana alipolazwa, akaita:

"Kitinda! We Kitinda!"

Nilikuwa sijafika kitandani, nimebeba mashuka. Na kutoka kwenye kile kitanda kitupu nikasikia pumzi ikivutwa, pumzi ndefu, ya mtu anayejiandaa kuitika. Nikatupa mashuka, nikamrukia mkono.

"Kitinda hayupo, mama. Ni mimi, Kasuku. Nipo hapa. Niambie habari zake."

Akanieleza. Nailoni ya kile kitanda ikalia mara moja, basi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua kwa amani, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Kila mchana aliita, na kila mchana tulishindana mbio, mimi na kile kitu, nani atamfikia kwanza. Siku moja nilichelewa kidogo tu, nilikuwa nasema na Mpishi mlangoni, nikasikia mwanzo wa lile neno, "Naa..." Nilifika nahema kama mbwa. Kile kitu hakikuondoka. Kilikosa pa kukaa tu, kikasimama kinangoja.

Miaka imepita. Sasa mimi ndiye ninayeletwa asubuhi na kufuatwa jioni, na wewe ndiye unayenifunga viatu. Binti yangu ananiambia kwamba nikishikwa na usingizi wa mchana huwa namwita mama yangu. Mimi sikumbuki. Lakini jana nilikuwa macho, mwanangu. Pazia lenu mlikuwa mmelivuta. Nilikuona dirishani, uko nje unaanika mashuka, wenzako wako jikoni wanacheka. Nikajikuta nimeita, "Mama!" Limenitoka tu. Na nyuma ya mgongo wangu, kwenye kitanda kisicho na mtu, mama yangu, aliyekufa mimi sijaolewa, akaniitikia, "Abee, mwanangu." Harufu ya chuma ilibaki shukani mpaka mlipokuja kuniinua.

Sikuamini nitafika mahali pa kutamani kuongea naye tena. Nilitamani. Nilifungua mdomo nimjibu.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Pazia hilo liondoe. Na siku ukinisikia naita, usiniitikie ukiwa mbali, wala usiitikie kwa jina la mtu mwingine, hata kwa kunihurumia. Acha unachofanya, uje. Nishike mkono, uniambie wewe ni nani.